Kwa Saumu, Uliyeuona Mchana Kupitia Utando

Mpwa wangu Saumu,

Salamu nitazikata fupi, kwa sababu hukuzipenda. Kila nilipoanza kukuuliza umeamkaje, umekula nini, mama anaendeleaje, ulinikatiza kwa Kiingereza chako cha haraka na kuniambia niseme tu nilichojia. Basi leo nasema nilichojia.

Asubuhi mteja mmoja alileta gari lake hapa karakana kwetu Woodbridge, Marekani, pembezoni mwa jiji. Hakutaka tinti nyeusi kama wengine. Alitaka utando angavu, ule usioonekana, unaozuia mionzi mibaya ya jua na kuuacha mwanga upite. Nikamwambia tunao. Akaniuliza, "Unazuia yote?" Ni swali la kawaida, nalisikia kila wiki, na jibu lake nalijua. Lakini leo nilimwomba mwenzangu amhudumie, nikaenda kukaa nyuma kwenye rundo la matairi.

Hapo ndipo nilipoona nikuandikie, tena nikuandikie waziwazi, watu wasome. Tangu msiba wako Waswahili wa hapa wametuuliza mengi. Wako wanaouliza kwa huruma, na wako waliomuuliza mama yako usoni, sahani ya pilau mkononi, kama ni kweli alikufungia ndani maisha yako yote. Nimechoka kumwona dada yangu Zaina, mama yako, akijibu. Acha nijibu mimi, mara moja, nikizungumza na wewe.

Ulizaliwa mwezi wa Ramadhani, ndiyo maana tukakuita Saumu. Baadaye ulilalamika kwamba tumekupa jina la kitunguu. Mama yako alikuwa amefika Marekani akiwa na mimba yako, na baba yako, Omari, alibaki Tanga akisubiri viza ambayo kila alipoiomba walimnyima. Mimi ndiye niliyekupokea hospitali, nikakuadhinia sikioni kwa niaba yake. Ulikuwa mtoto mzuri, mwenye nywele nyingi na ngozi laini, huna doa.

Hukuwa umetimiza hata miezi miwili mama yako alipokupeleka kuchanjwa. Ilikuwa siku yenye jua la kawaida, watu wako nje na mashati ya mikono mifupi. Alikusukuma kwenye kigari chako kutoka nyumbani hadi zahanati na kurudi. Jioni uso wako ulivimba. Asubuhi yake ulikuwa na malengelenge mashavuni na mikononi, na macho hayafunguki.

Sijakuambia kamwe kilichofuata, kwa kuwa mama yako hakupenda ukijue. Hospitali hawakuamini kwamba ni jua. Mwanamke mmoja kutoka ofisi inayolinda watoto alikuja nyumbani, akakaa kwenye kochi letu, akamuuliza mama yako kama alikumwagia maji ya moto. Zaina alikuwa hajalala. Kiingereza chake wakati ule kilikuwa cha kuokota. Alinigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, "Kaka, huyu anasemaje?" Ikabidi nimtafsirie swali hilo dada yangu mwenyewe. Hakulia. Alisema tu, "Mwambie aangalie bafuni kwangu kama anaona hayo maji."

Wiki kadhaa zikapita ndipo daktari wa ngozi, mzee mmoja mpole, akatueleza. Jua, alisema, linachubua mwili wa kila mtu kila siku kwa mionzi isiyoonekana, urujuanimno, na kila siku mwili unajirekebisha kimyakimya bila mtu kujua. Mwili wako haukuwa na uwezo huo wa kujirekebisha. Kila mchubuko ulibaki palepale, ukiungana na wa jana na wa juzi, na mwisho wake, siku moja, ni saratani. Ugonjwa huo unatoka kwa wazazi wote wawili, kila mmoja akiwa ameubeba bila kuugua. Omari ni mtoto wa shangazi yetu. Nilimwona Zaina akiinamisha kichwa, na nikajua anawaza simu atakayopiga Tanga na maneno atakayoyasikia.

Maneno aliyasikia. Walisema ni laana, walisema mletwe mkaogeshwe. Bibi yako mmoja, simtaji ni yupi, alisema mtoto asiyeweza kuliona jua si mtoto wa kulelewa. Baada ya simu hiyo mama yako alichukua mablanketi yote ya nyumba, akachukua na mifuko myeusi ya taka, akaziba madirisha. Nilimsaidia mimi kwa mikono yangu. Tulipomaliza, ile nyumba ya vyumba viwili ikawa kama shimo, na ndani ya shimo hilo ulijifunza kukaa, kutambaa, na kutembea.

Nataka watu waelewe hili: hukufungiwa. Jua likizama tulikutoa kila siku ya Mungu, ukacheza kwenye bembea, watoto wengine wakiwa wameshaingia kula. Mama yako alikuwa akitunza wazee majumbani kwao. Alirudi amechoka, miguu imevimba, na bado alikutoa. Lakini mchana hukuujua. Ulipokuwa na miaka mitano hivi uliniuliza kama mchana una sauti, kwa sababu ulisikia magari na ndege na watoto, na ukadhani hizo kelele ndizo mchana wenyewe.

Mimi nilikuwa fundi wa kubandika tando kwenye vioo, na nilikuwa sina cha kukufanyia. Watu wanashangaa hapo. Kioo chenyewe kinazuia sehemu ya mionzi na kinaacha sehemu nyingine. Tando zetu za dukani zilizozuia zaidi zilikuwa nyeusi, ukibandika ni sawa na kurudisha blanketi. Zile angavu zilizuia sana, lakini ukingoni, pale mionzi isiyoonekana inapokaribia kuwa mwanga wa zambarau, zilivujisha kidogo. Kwa mtu mwingine yeyote hicho kidogo si kitu. Kwako kilikuwa sumu.

Siku moja alikuja karakana msichana wa Kikenya, Achieng. Alikuwa akisomea shahada ya udaktari ya kemia chuo kimoja jijini, karibu na mtaa wa Shaw, na alitafuta fundi wa kumbandikia utando kwenye vioo vya majaribio bila kuacha mapovu, maana wao wenyewe walijaribu wakashindwa. Nikaenda naye. Utando wenyewe ulikuwa umeviringishwa kama karatasi. Niliponyanyua kipande dhidi ya taa sikuona rangi wala ukungu, nikadhani ni plastiki ya kawaida ya kufungia chakula.

"Hii si ya kawaida, mjomba," aliniambia. "Ndani iko na vipande vya zinki vidogo sana, vidogo kuliko wimbi la mwanga. Mwanga unapita tu kama haujaviona. Lakini ile urujuanimno ikifika, inanyonywa yote mpaka mwisho."

Nikamuuliza mbona wengine hawajafanya hivyo. Akacheka kidogo. Vipande hivyo, alisema, vinapenda kukumbatiana. Vikikumbatiana tu, plastiki inakuwa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele, haifai tena. Miaka yake yote ya masomo ilikuwa kuvitenganisha.

Nikamweleza habari zako. Alikuwa ameshika mkasi, akauweka mezani. Hakusema pole. Aliniuliza nyumba yenu ina madirisha mangapi na yana ukubwa gani.

Haikuwa rahisi wala haraka. Ilibidi amwombe profesa wake, na profesa amwombe mkubwa wake, na watu wa sheria waulize mtoto akidhurika itakuwaje. Mama yako alitia sahihi karatasi baada ya karatasi. Alikuwa haamini. "Kaka, mtu akuletee kitu usichokiona, akuambie kinamlinda mwanao," alisema. "Wewe ungeamini?" Achieng alileta kipimo, kijidude kinachoingia kiganjani, akamwonyesha jinsi ya kukisogeza kwenye kioo na kusoma namba. Zaina alikisogeza kila pembe ya kila dirisha, mchana kweupe, wewe ukiwa umekaa chumba kingine. Kila pahali palisoma sifuri. Alirudia kwa siku kadhaa. Kisha akaniita akasema, "Njoo tumtoe."

Ulikuwa na miaka saba. Ilikuwa siku ya baridi, jua limetoka baada ya theluji. Nilishusha blanketi la sebuleni, na wewe ukajificha nyuma ya mguu wa mama yako, macho umeyafumba, umekunja vidole. Tulikuwa tumekufundisha kuogopa, na ulikuwa umefuzu vizuri sana. Mama yako alichuchumaa akakukumbatia, na nilimsikia akikusomea Kul-huwallahu sikioni. Hata ulipofumbua macho hukusogea. Ulitazama kwa mbali, kama mtu anayetazama moto.

Halafu ukasema, kwa Kiswahili chako cha kuungaunga, "Mjomba, kwa nini vivuli yote inaangalia upande moja?"

Sikuelewa. Ukanyoosha kidole. Magari ya maegesho yalikuwa na vivuli, nguzo, pipa la taka, mwanamke wa jirani aliyekuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake. Ni kweli, vyote vililala upande mmoja. Wewe ulikuwa umekulia kwenye taa, na taa zinatupa vivuli kila upande. Hukuwahi kuona dunia yenye taa moja. Mama yako alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa mtandio mpaka ulipoanza kututangazia yanayopita. Mtu ya posta. Basi ya shule. Mbwa amevaa sweta. Ulitangaza mpaka sauti ikakauka.

Miaka iliyofuata ndiyo nitakayoikumbuka kama maisha yako. Ulikula chakula cha mchana dirishani. Ulimfahamu kila mpangaji kwa mwendo wake. Kwenye simu ulimwonyesha baba yako maegesho ya magari kana kwamba ni mbuga ya wanyama, na Omari, ambaye kwao Tanga ana bahari mlangoni, alikaa akiyatazama magari yaliyosimama, akikuuliza lile la nani na lile la nani. Uliingia shule baada ya mimi kubandika utando ule ule kwenye darasa lako. Njiani ulivaa glavu na kofia yenye wavu na kioo cha mbele, na watoto wakakupa jina la mfuga nyuki. Siku ya kwanza ulirudi umekasirika. Siku ya tatu ulikwenda na mtungi wa asali mkobani, ukauweka juu ya dawati lako, na wao wakawa rafiki zako. Hayo sikuyafundisha mimi, wala mama yako.

Kila asubuhi ulipima mwenyewe. Hukuruhusu mtu ashike kijidude chako. Ulipita dirisha kwa dirisha kabla ya kupiga mswaki, na mama yako akasikiliza kutoka jikoni ukitaja, "Sifuri. Sifuri. Sifuri," ndipo alipopumua na kuwasha jiko.

Asubuhi moja, ukiwa na miaka kumi na mitatu, hukusema sifuri.

Nilikuja mbio kutoka kazini. Utando ulikuwa angavu vilevile, sikuona ufa wala ukungu, lakini kipimo kilionyesha kwamba kitu kinapenya, kidogo, kama pumzi. Wiki iliyofuata kikapanda. Achieng alikata kipande akakipeleka maabara, akarudi na uso wa mtu aliyetoka msibani. Zile chembe za zinki, alisema, zinaponyonya mionzi haziinyonyi bure. Nguvu ile lazima iende mahali, na ilikuwa ikienda kwenye plastiki yenyewe, ikiitafuna kutoka ndani. Alikuwa ameshajua dawa yake: kuzivika chembe ganda la kuzituliza. Majaribio yalikwenda vizuri. Alihitaji muda na alihitaji maabara.

Muda alikuwa nao, maabara haikuwepo tena. Mwaka ule pesa za utafiti zilikatwa jijini kote. Ukipita pale mtaa wa Columbia Heights kwenye migahawa ya kahawa ulisikia watu wenye shahada zao wakizungumzia kurudi kwao. Achieng alinipigia simu. "Mjomba, wametufungia. Wametuambia tutoe vitu vyetu. Hata hizi roli za utando za zamani ziko kwa store imefungwa, sina ufunguo." Kisha akasema, "Niambie Saumu ana madirisha mangapi bado mazuri." Nilimwambia hakuna.

Nilibandika tando za dukani, mbili mbili, moja juu ya nyingine. Namba ilishuka, haikufika sifuri. Mama yako alitazama kile kipimo, akaenda kabatini, akatoa mablanketi.

Hapa ndipo watu wanapotaka kujua zaidi, na hapa ndipo mnapostahili kuachwa wewe na mama yako. Lakini nitasema nilichokiona, kwa kuwa maneno yanayosemwa nje si ya kweli. Zaina aliziba madirisha yote na kwenda kazini. Aliporudi alikuta umeyashusha mablanketi, umeyakunja vizuri, umeyapanga kochini, na wewe umekaa dirishani umevaa kofia yako ya wavu na glavu, ndani ya nyumba, ukifanya hesabu za shule. Alinipigia simu, nikaja.

"Mwambie," aliniambia. "Mimi hanisikii."

Wewe ulizungumza Kiingereza na yeye Kiswahili, kama kawaida yenu, nami katikati. Ulisema unajua hatari kuliko sisi, ulikuwa umesoma kila kitu. Ulisema utavaa kofia ndani mpaka mwisho, utalala nayo ikibidi, lakini shimoni hurudi.

Mama yako akasema, "Nilikutoa gizani nikiwa na uhakika. Sasa sina."

Ukamjibu, na nilitafsiri ingawa alikuwa ameshaelewa: "Hukuwa na uhakika hata siku ile, mama. Ulikuwa unasoma dua."

Mwishowe tulikubaliana kama watu wanaogawana maji ya kisima kikavu. Chumbani blanketi. Sebuleni tando mbili, dirisha moja tu, kofia na glavu muda wote, na asubuhi tu kabla jua halijazunguka upande ule. Ulikubali. Ulitii kila neno, nashuhudia, kwa kuwa wako wanaosema ulikuwa mkaidi.

Alama ya kwanza ilitokea kwenye kope la jicho la kushoto, ndogo kama mbegu ya papai. Waliikata. Ya pili ilikuwa kwenye ncha ya ulimi, mahali nisipojua kwamba jua linaweza kufika. Waliikata nayo, na kwa muda maneno yako ya Kiswahili yalinyooka kuliko ya Kiingereza, ukacheka ukasema labda walikata upande wa Marekani. Kisha ile ya kope ikarudi, na safari hii ilikuwa imeshatembea ndani.

Nilimuuliza yule daktari wa ngozi, sasa mzee zaidi, kama ni utando. Nilitaka aseme ndiyo au aseme hapana. Alivua miwani. Alisema inaweza kuwa miezi ile ya utando uliochoka, na inaweza kuwa siku ya kigari, ulipokuwa mchanga, saratani ikangoja miaka yote hiyo. Hakuna mtu duniani anayeweza kujua ni mwonzi upi. Basi hilo ndilo jibu langu kwa wote wanaouliza nini kilimuua Saumu. Hatujui. Zaina hajui, na mtu anayedhani anajua aje aniambie mimi, asimwendee yeye.

Wiki zako za mwisho ulilazwa jijini. Walikupa chumba kizuri chenye dirisha pana linalotazama paa za nyumba, na pazia zito limefungwa, kwa kuwa faili lako liliagiza hivyo. Ulikuwa umekonda, sauti imebaki upepo. Mchana mmoja uliniashiria pazia. Nilijua unachotaka. Muuguzi, mama wa Kikongo aliyekuzoea, naye alijua. "Mama Saumu," alimwambia Zaina taratibu, "mtoto analomba tufungue kidogo. Ni wewe utasema."

Zaina alikuwa akikupaka mafuta miguuni. Hakuinua macho.

"Siwezi," alisema. "Miaka kumi na mitano nimelizuia jua lisimguse. Siwezi kulifungulia mlango mwenyewe, liingie mbele yangu, mimi nimekaa hapa."

Hukugombana naye. Ulinyoosha mkono ukamshika kichwa. Nawaambia wanaomhukumu: mtoto mwenyewe hakumhukumu. Siku mbili hazikupita ukatuacha, kabla ya magharibi, pazia likiwa limefungwa.

Sasa mambo ya hapa, uyajue. Baba yako aliangalia msiba kwenye simu, mtu akiwa ameishika juu ya vichwa vya watu, na ilipokatika alipiga tena na tena. Achieng amepata kazi mbali, kampuni ya vifuniko vya paneli za sola. Kabla hajaondoka alikuja Woodbridge kutuaga. Kitabu alichoandika kuhusu utando ule kimekamilika, na aliomba ruhusa aandike jina lako ukurasa wa mbele. Mama yako alifikiri. "Wewe ni mtu mwema," akamwambia, "na siku alizoziona mwanangu umempa wewe. Lakini usimwandike. Watu watamsoma kama jaribio." Achieng alikubali kwa kichwa, kisha wakakaa wakilia pamoja, mikono imeshikana juu ya meza. Mimi nilitoka nje.

Zaina amerudi kazini. Anawaogesha wazee wa watu, anawalisha, anawasogeza karibu na madirisha yao wapate jua, kwa kuwa daktari wao anasema linawafaa mifupa. Anafanya hivyo kila siku, Saumu. Sijui anawezaje. Mimi nabandika tando. Kuna siku najiambia kwamba kuna mtu mahali fulani atamaliza alichoanza Achieng, na mtoto mwingine atakaa dirishani mpaka azeeke. Siku nyingi sijiambii kitu. Nina hasira, na hasira yenyewe haina mtu wa kumwangukia. Nilidhani kukuandikia kungeipunguza.

Limebaki moja, na hili hukuliona, ingawa ulikuwepo.

Mama yako aliomba uzikwe jua likishazama. Aliomba kwa unyonge, akiwa amekaa sakafuni kati ya wanawake. Lakini makaburi yale yana saa zake, wachimbaji wanaondoka mapema, na sheikh alisema kwa upole kwamba maiti haicheleweshwi. Basi tulikusalia baada ya adhuhuri na tukakutoa. Wanawake walibaki kwenye magari. Mbele yetu palikuwa na uwanja wa majani, mpana, hauna mti hata mmoja, na kaburi lako ng'ambo. Nilikuwa nimeshika jeneza upande wa mbele. Miguu yangu ilikataa kuingia pale.

Pembeni, kando ya uzio, palikuwa na ukanda mwembamba wa kivuli. Nikawaambia wenzangu, "Tupite kule."

"Kule ni kuzunguka, ndugu yangu," sheikh alisema. "Njia ni hii."

"Najua. Tupite kule."

Wakanitazama. Hakuna aliyetaka kubishana na mfiwa, na hakuna aliyesogea. Tulisimama hivyo, wewe ukiwa mabegani mwetu, mpaka niliposikia mlango wa gari ukifunguliwa. Mama yako alishuka. Alikuja mpaka pale majani yanapoanzia, akasimama. Macho yalikuwa mekundu, sauti haikutetemeka.

"Kaka," alisema. "Pita naye juani."

Nilimtazama nione kama amejisikia alichosema.

"Pita naye," alirudia. "Alitaka."

Tukaingia uwanjani. Jua lilikuwa la utosini, lilipiga kanzu zetu na shuka lililokufunika, na jasho liliingia machoni nisiweze kulifuta. Hatukuharakisha. Tangu siku niliyokupokea hospitali nilikubeba mara nyingi, Saumu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi na wewe kwenda mahali pamoja mchana.

Mola akupe nafasi na mwanga usiokudhuru. Sina zaidi.

Mimi mjomba wako,
kaka wa mama yako.